Mdundo kwa Miguu Iliyoganda



Kila anayemuuguza mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson amewahi kuliona jambo nitakaloanza nalo. Mgonjwa anatoka sebuleni kwa hatua fupi fupi, nyayo zinaburuzika. Akifika mlangoni, miguu inagoma. Kiwiliwili kinaelekea mbele, kinataka kwenda, lakini nyayo zimeganda sakafuni. Ukimhimiza, anaganda zaidi. Ukimvuta mkono, ataanguka. Sasa mchoree mstari wa chaki mbele yake umwambie auvuke, au mhesabie moja, mbili, moja, mbili, au mwimbie wimbo anaoupenda kwa mapigo ya kutembelea. Mara nyingi atapita. Mguu ule ule uliokataa kunyanyuka sasa unanyanyuka na kukanyaga sawasawa.

Watu wa nyumbani wakiyashuhudia hayo huja juu. Kumbe anaweza! Kumbe anadeka! Maneno hayo husemwa mbele ya mgonjwa mwenyewe, naye anayasikia yote, hata kama uso wake hauonyeshi kitu. Mhadhara wangu unatokea hapo. Nataka kueleza kwa nini mtu aliyeshindwa kutembea anaweza kucheza, wenzetu wamelifanyia nini jambo hilo, na kwa nini naamini sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulishika kwa mikono miwili, huku tukiijua mipaka yake.

Tuanze na ubongo. Ndani kabisa, katika shina la ubongo, kuna eneo dogo lenye seli za rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuipeleka kwenye viini vingine vya ndani ambavyo, pamoja na kazi nyingine, husimamia mienendo tuliyokwisha kuizoea: kutembea, kujigeuza kitandani, kufunga vifungo vya shati, kumeza mate, kutabasamu. Hakuna mtu mzima anayewaza namna ya kutembea. Unaamua kwenda dukani, basi. Hatua zinajipanga zenyewe na mikono inazifuata. Kwa mwenye Parkinson seli hizo zinakufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na siku dalili zinapojitokeza, sehemu kubwa ya seli huwa imeshapotea. Mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe sasa unadai kufikiriwa. Hatua zinafupika, mwandiko unakuwa mdogo hadi hausomeki, sauti inafifia. Misuli inakakamaa. Wengi, ingawa si wote, hutetemeka mkono mmoja ukiwa umetulia mapajani; mwenyewe huuficha mfukoni, au chini ya khanga. Uso nao unakaa vilevile asubuhi hadi jioni, watu wakadhani kanuna.

Lakini ubongo una njia zaidi ya moja ya kuufikia mguu. Mwendo unaoanzishwa na kitu cha nje, kama mstari unaoonekana, pigo linalosikika au mwenzako anayesogea mbele yako, hutegemea zaidi sehemu nyingine: ubongo mdogo ulioko kisogoni, na maeneo ya juu yanayounganisha macho na masikio na misuli. Sehemu hizo ugonjwa huu haujaziumiza kwa kiwango kile kile. Ni sawa na dereva aliyekuta barabara kuu imefungwa akapita mchepuko: hakuuzoea, lakini anafika. Mstari wa chaki ni mchepuko, kuhesabu ni mchepuko, na naona muziki wenye mapigo thabiti ndio mpana kuliko yote, kwa sababu kila pigo linatangaza lini pigo lijalo litakuja, na mwili unapata nafasi ya kujiandaa.

Haya hayakuachwa yawe maneno ya kukisia. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea nyumbani kwa wiki tatu wakifuata muziki uliotiwa mapigo ya wazi. Hao waliongeza kasi na urefu wa hatua kuliko wale waliofanya mazoezi yale yale bila mapigo. Huyo anayeambiwa anadeka, basi, hadeki. Anatumia njia iliyobaki.

Historia ya ugonjwa wenyewe nitaipitia kwa haraka. James Parkinson alikuwa tabibu wa Hoxton, London. Mwaka 1817 alichapisha kijitabu akieleza watu sita, baadhi yao aliowaona wakipita barabarani tu, akabainisha kutetemeka, kuinama mbele, na mwendo unaogeuka mbio mtu asizozitaka. Jina lake lilipewa ugonjwa baadaye na Jean-Martin Charcot wa Paris. Sababu ya ndani haikujulikana kwa zaidi ya karne. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 umuhimu wa dopamini katika ubongo, Oleh Hornykiewicz akaonyesha mjini Vienna kwamba wenye Parkinson wamepungukiwa nayo, na mwaka 1967 George Cotzias akaeleza jinsi wagonjwa walivyoinuka baada ya kupewa kwa mdomo levodopa, kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini. Hadi leo levodopa ndiyo dawa kuu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hapa niseme neno kuhusu upupu, maana najua nitaulizwa. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa, na waganga wa India wamezitumia tangu zamani. Lakini kiasi kilichomo hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na levodopa ikizidi humletea mtu kichefuchefu, kushuka kwa presha, hata kuona vitu visivyokuwepo. Asizisage mtu mbegu hizo nyumbani akamnywesha mzazi wake.

Levodopa, pamoja na ubora wake, haimalizi kazi. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake hukatika kabla ya dozi inayofuata, na wengine hupata mwili unaojinyonganyonga wenyewe. Kuyumba, kuanguka na kule kuganda mlangoni mara nyingi hakuisikii dawa vizuri. Kuna pia sehemu ya ugonjwa ambayo kidonge hakikuundwa kuifikia: mtu anaacha kwenda msikitini au kanisani, anaacha baraza, harusini anatuma salamu. Anaogopa kumwaga chai mbele za watu. Anaogopa kuitwa mlevi. Upweke huo unamla kuliko kutetemeka.

Sasa twende Brooklyn, jijini New York, mwaka 2001. Huko kulikuwa na kikundi cha wagonjwa wa Parkinson kilichoongozwa na mwanamke aitwaye Olie Westheimer. Mwaka huo kundi la dansi la Mark Morris, moja ya makundi makubwa ya dansi ya kisasa Marekani, lilifungua jengo lake la mazoezi hapo hapo Brooklyn. Westheimer aliwaendea akawaomba darasa la dansi kwa watu wake. Aliomba darasa la dansi hasa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hakuomba mazoezi ya wagonjwa yaliyopambwa kwa muziki. Hoja yake ilikuwa kwamba wacheza dansi ni mafundi wa kitu kile kile ambacho wagonjwa wamepoteza: wanajua kuuamrisha mwili kwa kutumia macho, masikio, mapigo na picha za akilini. Mtu anayejifunza hatua ngumu ya baleti haiachii ijiendeshe; anaifikiria, anaihesabu, anaiona kabla hajaifanya. Ujuzi huo unaweza kufundishwa.

Wachezaji wawili wa kundi hilo, John Heginbotham na David Leventhal, wakaanza kufundisha. Hawakuwa madaktari, wala hawakujifanya madaktari. Miaka kumi baadaye Leventhal aliacha jukwaa kabisa ili asimamie kazi hiyo. Leo inaitwa Dance for PD, yaani dansi kwa wenye Parkinson, imefika katika nchi nyingi duniani, na darasa la Brooklyn bado ni la bure.

Naomba niwatembeze ndani ya darasa lenyewe, kwa sababu ukilisikia kwa jina tu utadhani ni wazee wanaochezeshwa ili wasahau shida. Viti vimepangwa duara. Watu wanaingia, mwingine na fimbo, mwingine kwenye kiti cha magurudumu, mwingine ameshikwa mkono na mkewe. Kinachosikika ni piano, na mpigaji yumo chumbani, anawatazama. Hilo lina maana kubwa: mwanamuziki aliye hai anaweza kupunguza kasi mguu wa mtu unapochelewa, au kulitia pigo uzito watu wanapohitaji kunyanyua goti. Wanaanza wakiwa wamekaa. Mikono inafunguka polepole kutoka kifuani hadi pembeni kabisa, vidole vikifika mbali kuliko vilivyofika nyumbani, maana ugonjwa huu hufupisha kila mwendo na darasa linadai urefu. Mwalimu hasemi "nyoosha kiwiko digrii kadhaa." Anasema paka rangi ukuta ulio mbele yako, au sukuma maji. Picha hiyo inaupa mwendo mwanzo, njia na mwisho.

Kisha wanasimama nyuma ya viti, au kwenye upau mrefu ambao wacheza baleti huushika, na kufanya mazoezi ya kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Hili ndilo jambo wasiocheza hawalioni: mtu aliyeganda mara nyingi ameshindwa kuutoa uzito kwenye mguu anaotaka kuunyanyua. Dansi haina hatua isiyoanza na kuhamisha uzito. Halafu wanavuka ukumbi, wawili wawili, toka ukuta huu hadi ule, wengine kwa kutembea, wengine kwa kuruka kidogo. Mwenzi wa mgonjwa naye anacheza, na mgeni akiingia huenda asijue nani mgonjwa na nani mzima. Mwisho wanashikana mikono katika duara na kupeana heshima, ishara ikipita kutoka mtu hadi mtu hadi izunguke wote.

Neno ugonjwa karibu halitajwi. Hakuna anayepimwa. Anayekosea anakosea hatua ya dansi, kama anavyokosea mwanafunzi yeyote wa dansi. Mwandishi wa habari Dave Iverson, ambaye mwenyewe ana Parkinson, alitengeneza filamu juu ya darasa hilo, *Capturing Grace*, iliyotoka mwaka 2014, na inawafuata watu hawa wakijiandaa kucheza mbele ya hadhira. Wamejiandaa kama wasanii wanavyojiandaa, kwa kurudia na kurudia, na kwa woga wa jukwaani ambao msanii yeyote anaujua.

London nayo ikafuata. Kundi la baleti la English National Ballet lilianza madarasa ya namna hiyo mwaka 2010, na Sara Houston wa Chuo Kikuu cha Roehampton akayachunguza kwa miaka. Kilichomshughulisha sana Houston ni jinsi watu walivyojihisi na kujiona wakiwa wanacheza, pamoja na hatua zao. Wapo watakaosema hisia si kipimo. Mimi nasema mtu aliyeacha kwenda sokoni kwa aibu akirudi sokoni, hicho ni kipimo.

Hata hivyo sisi wengine tunataka tarakimu, na tarakimu zipo. Mjini St. Louis, Gammon Earhart na Madeleine Hackney walichagua tango ya Argentina. Walikuwa na sababu. Tango imejaa mambo yale yale yanayomshinda mgonjwa: kuanza na kusimama ghafla, kurudi kinyumenyume, kugeuka mahali pembamba, kubadili mwelekeo bila kujiandaa sana. Na unacheza ukiwa umekumbatiwa, kwa hiyo una mtu wa kukusaidia mizani na wa kukupa ishara. Katika utafiti wao wa 2009 waliofundishwa tango, na pia waliofundishwa waltz na foxtrot, waliboresha mizani ya mwili na mwendo kuliko wasiofundishwa. Kisha mwaka 2012 Ryan Duncan na Earhart wakachapisha utafiti wa mwaka mzima. Watu 62 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilicheza tango mara mbili kwa wiki miezi 12, jingine liliendelea na maisha yake. Walipimwa wakiwa hawajameza dawa, ili dawa isiwafichie kitu. Alama za ukali wa dalili za mwili kwa waliocheza zilishuka kwa asilimia 28.7. Kwa wasiocheza hazikubadilika kwa kiasi cha maana.

Ugonjwa huu kwa kawaida husonga mbele mwaka hadi mwaka. Matokeo hayo yanastahili kutusimamisha kidogo.

Toronto nako, Karolina Bearss na Joseph DeSouza wa Chuo Kikuu cha York waliwafuatilia kwa miaka mitatu watu 16 wenye ugonjwa wa kiwango cha chini waliokuwa wakicheza kila wiki. Waliwalinganisha na wagonjwa wengine wasiocheza, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba dalili za mwili za wachezaji hazikuonekana kusonga kama za wenzao. Naitaja kazi hii kwa sababu mtaisikia ikinukuliwa sana, tena kwa kupigiwa chumvi. Watu 16 ni wachache. Hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Walikuja wenyewe, na anayekuja mwenyewe kucheza kila wiki kwa miaka mitatu huenda tayari ana nafuu kuliko aliyebaki kitandani. Msimamo wangu ni huu: dansi hupunguza ukali wa dalili na hurudisha mwendo, huo ushahidi unao uzito. Kwamba inazuia seli zisife, hilo hakuna aliyelithibitisha, na anayemwambia mgonjwa hivyo anamdanganya.

Mapitio makubwa ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 156 yenye washiriki 7,939, yakilinganisha aina nyingi za mazoezi. Dansi ilionekana kuwa miongoni mwa zinazoelekea kuleta nafuu ya kiwango cha kati katika dalili za mwili. Mazoezi ya majini na ya kutembea na mizani yalikuwamo pia, na waandishi hawakuona tofauti kubwa kati ya aina moja na nyingine. Wengine huyasoma matokeo hayo kama pigo kwa dansi. Mimi nayasoma kinyume. Kama mazoezi mengi yanasaidia kwa kiasi kinachokaribiana, basi zoezi bora kwa mgonjwa ni lile atakalolirudia wiki ijayo, na mwezi ujao, na mwakani. Wauguzi mnajua karatasi za mazoezi tunazowapa wagonjwa zinaishia wapi. Mtu hutunza karatasi kabatini. Lakini darasa analokutana na wenzake, muziki ukipigwa, analifuata.

Sasa turudi nyumbani. Kuna utafiti uliofanyika Tanzania ambao ningependa kila daktari wa Afrika Mashariki aujue. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao Watanzania walisaka wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipatikana watu 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Walikuwa wakiishi nao bila jina na bila dawa, pengine wakiitwa wazee tu, pengine wakisemwa wamerogwa.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Mwaka 2010 Lynn Rochester na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafundisha wagonjwa 21 wa kaskazini mwa Tanzania, ambao hawajawahi kumeza dawa ya Parkinson, kutembea na kufanya shughuli zao kwa kufuata mapigo ya nje. Ulaya jambo hilo lilikuwa limejaribiwa kwa watu ambao tayari wanatumia dawa, na swali lilikuwa kama mapigo pekee yangefaa pale dopamini haijaongezwa kabisa. Yalifaa. Baada ya vipindi vya nusu saa nusu saa, hatua zilirefuka na kasi ikaongezeka, hata walipopimwa bila mapigo kusikika. Kifaa kilichotumika ni cha kugonga mapigo, kile ambacho wanafunzi wa muziki hukiweka juu ya piano.

Tafakarini hilo. Mgonjwa wa Hai, asiye na kidonge hata kimoja, alitembea vizuri zaidi kwa sababu ya pigo la kifaa kidogo. Na sisi tumezungukwa na ngoma.

Pendekezo langu ni kwamba tuanzishe madarasa ya ngoma kwa wenye Parkinson, kwa ngoma na muziki wetu, tukifuata kanuni zilizokwisha kupatikana Brooklyn na St. Louis. Hatuna haja ya kuagiza tango. Muziki anaoujua mgonjwa tangu ujana una nguvu ambayo muziki mgeni hauna, maana mwili unalingoja pigo kabla halijafika. Tazameni mdundiko wa Wazaramo, ngoma ambayo watu huicheza wakitembea barabarani: ni mazoezi ya kutembea kwa mapigo, tayari, bila kubadilishwa kitu ila kasi. Tazameni rumba ile ya zamani ya Kinshasa na Dar es Salaam kabla gitaa halijachachamaa; mapigo yake ni ya wazi na hayakimbii. Lelemama ya wanawake wa Pwani inachezwa kwa utulivu, mikono ikifanya kazi kubwa, na inaweza kuanzwa mtu akiwa kitini.

Na katika taarabu kuna jambo ambalo nimelifikiria sana: kwenda kutunza. Mama ananyanyuka kitini, anapita kati ya viti kwa maringo huku wimbo ukimbeba, mkono umenyanyuliwa na noti kidoleni, anafika kwa mwimbaji, anasimama, anatunza, anageuka, anarudi mahali pake. Hesabuni yaliyomo: kunyanyuka, kuanza mwendo, kupita pembamba, kusimama, kazi ya vidole, kugeuka, kukaa. Mtaalamu wa fiziotherapia akiambiwa aandike zoezi kamili kwa mwenye Parkinson, ataandika karibu mambo hayo hayo. Tofauti ni kwamba zoezi la mtaalamu halina shangwe, na kwenda kutunza kuna sababu ya kwenda.

Sisemi kila ngoma inafaa. Sindimba na viuno vyake vya kasi nitaiacha kwa wenye miguu salama. Ngoma za kuruka kwa nguvu na za kuinama hadi chini hazifai kwa mtu anayeyumba.

Na hapa lazima tuwe wakali kuhusu usalama, kwa kuwa darasa moja lenye mtu aliyevunjika nyonga linatosha kuiua shughuli nzima. Viti viwe imara, visiwe vya magurudumu wala vya plastiki vinavyoteleza. Sakafu isiwe na maji, isiwe na mkeka unaokunjika. Viatu vifungwe, malapa yabaki nje. Ugonjwa wenyewe na dawa zake hushusha presha mtu anaposimama, kwa hiyo anyanyuke polepole na akae kwanza akiona kizunguzungu. Darasa lipangwe saa ambazo dawa imeshika, kwa wanaotumia dawa. Kila anayeyumba awe na mtu mzima wa afya upande wake. Mwalimu atoe agizo moja kwa wakati, maana mwenye Parkinson akipewa mambo mawili kwa pamoja moja litaanguka, na huenda likawa yeye. Wale wasioweza kusimama wacheze wakiwa wamekaa, na wasihesabiwe kuwa nusu washiriki.

Dawa isiachwe. Nalirudia kwa sababu najua jinsi habari zinavyosafiri: kesho mtu atasema mtaani kwamba ngoma inaponya Parkinson, na mwingine ataacha vidonge. Ngoma haiponyi Parkinson. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwetu, kadiri watu wanavyoishi umri mrefu zaidi, idadi itapanda. Wengi wa wagonjwa wetu hawana levodopa ya uhakika, na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache mno. Kudai dawa ni wajibu wetu, na kucheza hakuufuti wajibu huo. Lakini wakati tunadai, mgonjwa yupo nyumbani amekaa kwenye kiti kile kile tangu asubuhi, misuli inazidi kukakamaa. Kumwambia asubiri ni kumwongezea ugonjwa.

Gharama ya ninachokisema ni ndogo. Ukumbi wa shule Jumamosi, wa parokia, wa chama cha ushirika. Mpiga ngoma mmoja anayeweza kulishika pigo bila kukimbia nalo. Mwalimu wa ngoma, na mtaalamu wa fiziotherapia wa kukaa naye vipindi vya mwanzo amwonyeshe nani wa kuangaliwa. Wagonjwa watano na watu watano wa nyumbani kwao. Walimu wa ngoma tunao, kutoka vyuo vya sanaa hadi vikundi vya mitaani, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba ujuzi wao unahitajika hospitalini.

Nanyi mnaouguza nyumbani msingoje ukumbi. Redio ipo, simu ina muziki. Mwulize mzee wako wimbo gani aliupenda akiwa kijana, uuweke, umshike mikono yote miwili ukiwa umemkabili, muhamishe uzito pamoja kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha hatua moja. Akikwama mlangoni, msimvute. Mwimbieni.

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa James Parkinson, dunia huadhimisha Siku ya Parkinson. Nawaomba madaktari, wasanii na viongozi wa mitaa mliomo humu: Aprili ijayo msituandalie kongamano la hotuba. Fungueni darasa la kwanza, na wagonjwa wenyewe waitwe waje kucheza.